Mimi Ni Njaa: Hotuba ya Kitaliano kwa Watu wa Malindi

(Jumamosi tulikutana ukumbini hapa Malindi, na wengi hawakufika, wengine walikuwa zamu hotelini, wengine maji yalikuwa mazuri wakatoka na boti. Wakaniomba niiandike. Haya basi, nimeiandika vile nilivyosema, hata pale nilipopotea nikarudi.)

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, vijana wenzangu, hamjambo? Na nyinyi mliosimama mlangoni ingieni, viti vipo, mwaogopa nini, leo hakuna mtihani.

Nianze na aibu yangu mwenyewe, nikimaliza hiyo hamtaona haya kusema zenu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa kijana wa jikoni katika hoteli moja kule Watamu, nakosha sufuria, na mpishi mkuu alikuwa Mtaliano. Kitaliano changu kilikuwa ciao na grazie, basi. Lakini nilikuwa na kijitabu, kijitabu cha kufundisha Kitaliano kwa Kiingereza, nikawa nakisoma usiku. Siku moja saa tisa mchana sijatia kitu tumboni tangu asubuhi, nikajikaza, nikamwendea mpishi nikamwambia kwa sauti, "Io sono fame." Nilihesabu neno kwa neno kutoka Kiingereza, mimi, ni, njaa. Yule mzee akaweka kisu chini, akafuta mkono kwa aproni, akaninyooshea mkono akaniambia, "Piacere, Fame!" Yaani nafurahi kukufahamu, bwana Njaa! Jikoni kote kukawa kicheko, na mpaka sizini inaisha mimi jina langu pale lilikuwa Fame. Hata wafanyakazi wenzangu Wagiriama ambao hawakujua maana yake waliniita Fame.

Sasa niwaulize. Nyinyi kwa Kiswahili mkiwa na njaa mwasemaje? (Ukumbi: "Nina njaa!") Tena? ("Nina njaa!") Eeh. Nina. Mtaliano naye husema "ho fame". Hiyo "ho" ndiyo "nina". Nina njaa, ho fame. Nina kiu, ho sete. Nina usingizi, ho sonno. Nina haraka, ho fretta. Nina miaka 22, ho ventidue anni. Mwaona? Ningelichukua Kiswahili changu nilichonyonya kwa mama nikakipeleka moja kwa moja, ningesema sawa. Lakini mimi nilizunguka. Nilitoka Malindi kwenda Mambrui hapo jirani nikipitia Mombasa!

Na hilo ndilo nililokuja kusema leo, mkinisahau kwa yote hili msilisahau: msipitie Kiingereza. Shuleni tulifundishwa kuamini kwamba lugha zote za wazungu ni ndugu, kwa hivyo ukitaka moja wapitia nyingine. Si kweli kihivyo, yaani undugu upo lakini tabia ni mbalimbali. Kuna mambo mengi, mengi sana, ambayo Kitaliano chafanana na Kiswahili na Kiingereza kiko peke yake kule.

Mfano mwingine. Kichwa kinaniuma. Nani anayeuma hapo, mimi au kichwa? Kichwa! Mtaliano: "mi fa male la testa", kichwa kinanitia maumivu. Miguu inaniuma, "mi fanno male i piedi", miguu ni mingi na kitenzi kimekuwa cha wengi, vilevile kama chetu. Naenda kwa daktari, "vado dal dottore". Naenda kwa Maria, "vado da Maria". Ile "kwa" ya kwenda kwa mtu wanayo, inaitwa "da", ukipitia Kiingereza utasema "al dottore" na watakuelewa, lakini watajua umetoka wapi.

Haya, tuje kwenye Kitaliano chetu cha bichi. Msinune, mimi mwenyewe nilikisema miaka minne. Tunakijua wote, kila mtu hapa amewahi kumwambia mgeni: "Io portare te vedere delfini, tu pagare dopo." Si ndio? Na biashara ikafanyika, pesa ikaingia, hakuna aliyekufa. Lakini hebu niitafsiri kwa Kiswahili vile inavyosikika masikioni mwa Mtaliano. "Mimi kupeleka wewe kuona pomboo, wewe kulipa baadaye." (Kicheko.) Mwacheka! Mtalii akiongea hivyo Kiswahili twacheka, twamwita "maskini anajaribu". Sisi miaka 20 bado tunajaribu?

Shida iko wapi? Shida ni mkia. Kiswahili chetu kinaweka mtu kwenye kichwa cha kitenzi: nasema, wasema, asema, twasema, mwasema, wasema. Mtaliano anamweka kwenye mkia: parlo, parli, parla, parliamo, parlate, parlano. Neno moja moja, sisi moja na wao moja, hakuna haja ya kutia "mimi" wala "io". Ukisema "mimi nasema" kila sentensi mtu atadhani unagombana naye, mimi nasema, mimi nimekwambia! Na "io" ni vivyo hivyo, itie pale unapotaka kusisitiza tu. Kiingereza ndicho kisichoweza kutembea bila kumtaja mtu, kwa sababu vitenzi vyake vimepoteza mikia karibu yote. Sisi mikia yetu iko, ni vile tumeivaa kichwani.

Kwa hivyo ile sentensi ya pomboo ni hivi: "Ti porto a vedere i delfini, paghi dopo." Nakupeleka kuona pomboo, walipa baadaye. Angalieni hapo "nakupeleka", mna "ku" ya wewe ndani, na "ti porto" mna "ti". Hiyo ndiyo "ku" yetu! Sisi tunamficha mtu katikati ya kitenzi, wao wanamweka mbele kidogo, lakini wazo ni lile lile. Namuona, "lo vedo" akiwa mwanamume, "la vedo" akiwa mwanamke. Halafu ikija amri mtu anahamia nyuma: nipe, "dammi". Niambie, "dimmi". Nisaidie, "aiutami". Nani hapa hajawahi kusikia "dimmi"? Mlikuwa mnajua ina "ni" ndani yake?

Naja sasa kwenye lile ambalo watu huniambia ndilo limewashinda, mambo ya o na a na i na e mwishoni. Ati mbona meza iwe mwanamke? Mbona jua liwe mwanamume? Na mimi huwajibu kwa swali: kwani kiti ni ki- kwa sababu gani? Embe ni li- kwa sababu gani, na mwembe u-? Mlikaa mkauliza? Hamkuuliza, mlikua nalo. Mtu aliyelelewa na ngeli zetu zote zile, KI-VI, LI-YA, U-I, I-ZI, na mwalimu wa shule ya msingi amemchapa juu yake, mtu huyo aje aniambie ngeli mbili za Mtaliano zimemshinda? Mbili!

Sikieni. Kikapu hiki chekundu ni kizuri. Vikapu hivi vyekundu ni vizuri. Wimbo mmoja, ki-ki-che-ki, vi-vi-vye-vi. Haya Kitaliano: "Questo cesto rosso è bello." "Questi cesti rossi sono belli." O-o-o-o, i-i-i-i. Kikiwa mfuko, ambao kwao ni wa kike: "Questa borsa rossa è bella", "queste borse rosse sono belle". A-a-a-a, e-e-e-e. Sisi twaimba mwanzoni, wao waimba mwishoni. Na mtu wa bara akija hapa akatwambia "kikapu yangu imepotea" twaelewa, si twaelewa? Lakini kuna kitu kinakwaruza sikio. Ndivyo "borsa bello" inavyomkwaruza Mtaliano. Hatakufukuza, ila atakuwa amesikia.

Na yale maneno yao yasiyobadilika, "questa città" mji huu, "queste città" miji hii, watu huuliza nitajuaje ni mmoja au mingi? Utajuaje nyumba ni moja au nyingi? Nyumba hii, nyumba hizi. Neno limekaa vile vile, kilichobadilika ni jirani yake. Ni mchezo tunaoucheza kila siku. Na "la mano", mkono, umeishia na o lakini ni wa kike, watu wanalalamika. Sisi je, baba yangu amekuja? Baba "yangu", si "wangu", halafu "a-mekuja", si "i-mekuja". Kila lugha ina mtoto wake mkaidi. Kuna yai pia, "l'uovo" likiwa moja ni la kiume, yakiwa mengi "le uova", ya kike! Kidole vilevile, "il dito", "le dita". Hayo hayana dawa, karirini tu, kwani sisi jicho na macho tulipewa sababu?

Nina jamaa yangu mmoja, hayupo leo na afadhali hayupo. Alifanya kazi ya upishi kwa mama mmoja wa Kitaliano mwenye nyumba hapa Malindi, mwaka baada ya mwaka, wako wawili tu nyumbani, na Kitaliano chote alikipata kwake kwa kusikia. Alikuja kukiongea kama maji. Kijana mrefu, kifua hiki, sauti nzito. Siku amealikwa pizza na Wataliano wanaume, akaingia akasema, "Scusate, sono arrivata tardi, sono stanca!" Nimechelewa kufika, nimechoka. Wote kimya. Halafu mmoja akamwambia taratibu, karibu, bibie. Maskini! Kwa sababu yule mama akisema juu yake mwenyewe alisema "arrivata", "stanca", na mwanafunzi akabeba na a yake. Mwanamume husema "sono arrivato, sono stanco". Kwa hivyo mkisikiliza sentensi msisikilize maneno peke yake, mwangalieni na msemaji ni nani.

Na hapo hapo niongeze, maana kuna dada amenyoosha mkono. Kwa nini "ho mangiato", nimekula, mwanamke na mwanamume ni sawa, lakini "sono andato" na "sono andata", nimeenda, vinatofautiana? Ni kwa sababu vitenzi vingi vya kwenda na kuja, kufika, kutoka, kurudi, kubaki, kuzaliwa, kufa, havitaki "ho", vinataka "sono", na "sono" ndiyo "ni", na ukishasema mimi ni hivi lazima useme ni wa kike au wa kiume. "Sono nato a Malindi", mimi nimezaliwa Malindi. Dada utasema "sono nata". Haya.

Jambo lingine. Kupenda. Hapa watu wameumia kweli. "Mi piace il mare." Watu wanatafsiri napenda bahari. Hapana! Tafsirini hivi: bahari inanipendeza. Mwenye kufanya kazi hapo ni bahari, mimi nimekaa tu napendezwa. Kamba wananipendeza, "mi piacciono i gamberi", kamba ni wengi, kitenzi kimefuata kamba. Neno la Kiswahili lipo, kupendeza, tena zuri, ila tumelizoea kwenye nguo na maua.

Weita mwenzangu alikuwa na wiki mbili kazini. Akamletea mama mmoja mtu mzima kamba wa kukaanga, akasubiri kidogo, akarudi kwa adabu ili amuulize kama amewapenda. Alitaka "Le piacciono?", je, wanakupendeza? Akasema, "Signora, Le piaccio?" Je, MIMI nakupendeza? Yule mama akamtazama juu mpaka chini, akavua miwani, akamwambia mwanangu, wewe bado mdogo! (Kicheko kirefu.) Herufi chache tu. O ya mwisho ni mimi, si tumesema? Mkia!

Sasa adabu. Hii naomba mnisikilize vizuri, wa pwani ndio watu wa adabu au sio sisi?

Nilipokwenda Italia mara ya kwanza, Bergamo, nilipelekwa kwa daktari, mzee wa mvi. Mimi nikaingia na Kitaliano changu cha bichi, "Ciao! Come stai?" Kama namsalimia mtoto wa jirani. Yule daktari hakusema kitu, ila uso ulibadilika, na mwenyeji wangu akanifinya. Ni sawa na kijana aingie hapa amwambie mzee yule pale, sasa, vipi? Walinieleza nyumbani baadaye: mtu usiyemjua, mtu mzima, daktari, karani wa ofisi, husemi "tu", unasema "Lei". Na "Lei" inachukua kitenzi cha yeye, si cha wewe. "Come sta?" Nikasema lakini hiyo ni ajabu, mtu yuko mbele yangu nimwite yeye? Halafu nikajicheka. Kwani hapa kwetu hamsikii mtu anamuuliza mama yake usoni, "Mama leo atakula nini?" "Mwalimu anasemaje?" Tunamheshimu mtu kwa kumsemesha kama yuko mbali kidogo. Ndiyo "Lei" hiyo, basi.

Na mkitaka jambo la kushangaza, "ciao" yenyewe ilitoka Venezia, kwenye neno lao la mtumwa, mtu alikuwa akimwambia mwenzake mimi ni mtumwa wako. Na shikamoo wazee wanatwambia ni nashika miguu yako. Salamu mbili zote zilianza chini magotini, yetu ikabaki na heshima yake, yao ikapanda mpaka ikawa ya watoto wa barabarani. Kwa hivyo msimtupie "ciao" kila mtu mkidhani ni shikamoo. Semeni "buongiorno".

Na "voglio", nataka, ipunguzeni. "Voglio un caffè" ni kama kugonga meza. Sisi twasema naomba kahawa, na wao wana neno la kazi hiyo hiyo, "vorrei". Naomba kahawa, "vorrei un caffè". Weita akisema "vorrei" kwa mgeni, "vorrei sapere", naomba kujua, hata tipu inanenepa, nimeona kwa macho yangu.

Sasa kuna mnyama anaitwa congiuntivo. Wataliano wenyewe wanakosea na wanachekana kwa ajili yake. Lakini niambieni, nataka yeye kuja, Kiswahili ndicho hicho? Hapana. Nataka a-j-e. Nataka useme. Lazima ule. Kile kitenzi cha pili kimegeuza irabu yake ya mwisho, anasema, aseme. Mtaliano: asema, "parla". Nataka aseme, "voglio che parli". Nataka uje, "voglio che tu venga". Lazima ule, "bisogna che tu mangi". Kiingereza hapo hakikusaidii kitu, kitakufanya useme "voglio te venire". Tofauti ni kwamba wao wanaitumia hata kwenye kudhani, nadhani yuko nyumbani sisi twaiacha kavu, wao "penso che sia a casa". Hapo ongezeni akili kidogo.

Msinielewe vibaya, Kiswahili si ufunguo wa kila mlango. Vile vijineno vyao vya mbele ya jina la kitu, il, lo, la, i, gli, le, sisi hatuna, kila neno lishikeni na kofia yake tangu siku ya kwanza, "lo zucchero", "lo studente", "la spiaggia", msijifunze "zucchero" uchi. Mkazo nao: sisi tunakanyaga silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, wao mara nyingi hivyo hivyo lakini "parlano" wanakanyaga PAR, "telefono" wanakanyaga LE.

Na konsonanti mbili! Kulikuwa na kijana wa Mambrui, anauza kofia za ukili bichi. Anapita mbele ya wageni, "Bei capelli, signora! Bei capelli!" Kila mama anatabasamu, anashika nywele zake, "Grazie!" na kofia hainunuliwi. Siku nzima! Mpaka akaongeza bei, "Bei capelli, dieci euro!", ndipo mama mmoja akashtuka. Kumbe "cappelli" yenye p mbili ni kofia, "capelli" yenye moja ni nywele. Alikuwa anawaambia nywele nzuri, nywele nzuri, euro kumi! "Sete" ni kiu, "sette" ni saba. Na "anni", miaka, tafadhali sana n zake zote mbili, ukitaja umri wako kwa n moja utakuwa umetaja sehemu ya mwili ambayo sitaisema mbele ya wazee. Je, mdomo wetu unaweza? Semeni nne. Semeni mmoja. Mmesikia vile n na m zinavyokaa? Anzeni na hapo, "nonno", babu, "mamma", halafu mhamishie kwenye p na t.

Mzee wa Ngomeni pale ameniuliza kabla hatujaanza, ati haya yote ya nini, Wataliano wenyewe si wanakuja na kuondoka. Mzee wangu, wewe uliona roketi walizorusha baharini kwenu tangu miaka ya sitini, na ile satelaiti ya 12 Desemba 1970 iliyoitwa Uhuru kwa sababu ilirushwa Siku ya Jamhuri, siku Kenya ilipopata uhuru. Si wageni wa jana hawa. Na kabla yao Vasco da Gama alitia nanga hapa 1498, Wareno wakatuachia neno bendera, Mtaliano naye husema "bandiera", kwa sababu Kireno na Kitaliano mama yao mmoja. Wakatuachia na pera. Lakini tahadhari! Nilipokuwa kule niliona sokoni kibao "pere", moyo ukaruka, nikanunua kilo mbili nikijua ni mapera ya nyumbani. Nikauma. Tunda jingine kabisa, refu, lina maji, halina mbegu zile za kukwama menoni. Nilikaa kwenye benchi nikala yote kwa hasira.

Saa inakaribia saba na nasikia harufu ya pilau kutoka nje, kina mama wamemaliza. Kila mtu amgeukie jirani yake amwambie hali yake, kwa "ho", si kwa "sono". Haya. (Ukumbi: "Ho fame!") Wote pamoja, tuna njaa? ("Abbiamo fame!") Mzee wa Ngomeni atangulie.